Kabla hujampa bei mrushaji chipukizi

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika ofisi za klabu za besiboli hapa Marekani, kuna swali litakalowafikia mapema kuliko mnavyodhani. Klabu nyingine inamtaka mchezaji wetu mzoefu, na badala yake inatoa mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) wa miaka 19 kutoka ligi ndogo, zile za kukuzia wachezaji chini ya Ligi Kuu. Huyo kijana ana thamani gani? Nimeandika ripoti za namna hiyo kwa misimu kadhaa, na ya kwanza kabisa niliikosea vibaya.

Nilikaa nyuma ya mdakaji, mashine ya rada mkononi. Mpira wa kwanza maili 97 kwa saa, wa pili 98. Nikatazama awamu mbili kati ya tisa za mchezo, nikarudi hotelini nikajaza kurasa tatu za sifa. Skauti mmoja mzee, mtafuta vipaji wa siku nyingi, aliyekuwa viti viwili kutoka kwangu hakuondoka. Kesho yake akanifungulia daftari lake. Kufikia awamu ya tano kasi ilikuwa imeshuka hadi 93 na kiwiko kimeanza kuanguka chini ya bega. Tena ule mpira wa pole, ambao hutakiwa kutoka kwa mkono wenye kasi ileile ili mpigaji ahadaike, kijana alikuwa akiulegezea mkono waziwazi. Mpigaji wa Ligi Kuu angeusoma kabla haujaondoka kiganjani. Yote hayo yalitokea mimi nikiwa nimeshaondoka.

Kwa hiyo kaeni mpaka atolewe. Mrushaji wa kuanzisha mchezo huhitaji mipira ya aina tatu anayoimudu, kwa sababu atakutana na wapigaji walewale mara mbili au tatu siku hiyohiyo. Mwenye miwili tu, anayechoka mapema, mara nyingi huishia kuwa mrushaji wa kuingia mwishoni. Wa kwanza anaweza kukurushia awamu 150 au zaidi kwa msimu, wa pili 60 au 70. Bei zao haziwezi kulingana hata kama rada inawasomea kasi ileile.

Takwimu za ligi ndogo zisomeni kwa makini, lakini zisiwatawale. Agosti 1987 Detroit Tigers walimtoa John Smoltz kwa Atlanta Braves wakampata mrushaji mkongwe Doyle Alexander. Smoltz alikuwa na miaka 20, ameshinda michezo 4 na kupoteza 10 kule Glens Falls, timu ya ligi ndogo. Alexander akashinda 9 bila kupoteza hata mmoja, na Detroit wakatwaa ubingwa wa kundi lao. Smoltz leo yumo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Wengi huwacheka Detroit, mimi siwacheki: walijua walichokihitaji mwaka ule na walikipata. Kosa, kama lipo, ni kuhesabu michezo aliyopoteza Smoltz bila kuitazama mikono yake inafanya nini na mpira.

Halafu kuna faili la daktari. Hapo msiwe na haya, ulizeni mpaka muonekane wasumbufu. Julai 2016 San Diego Padres walimpeleka mrushaji wao Drew Pomeranz Boston, wakapewa Anderson Espinoza, mrushaji wa Venezuela mwenye miaka 18 aliyesifiwa kila kona. Miezi miwili baadaye ligi ikamsimamisha meneja mkuu wa San Diego, A.J. Preller, siku 30 bila mshahara kwa sababu ya taarifa za afya ambazo Boston hawakupewa. Na Espinoza mwenyewe? Alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2017, akafanyiwa tena 2019, akaja kucheza Ligi Kuu 2022 akiwa na Chicago Cubs. Pande zote mbili ziliuziana mbuzi kwenye gunia.

Upasuaji huo wa kuiunda upya kano ya kiwiko, ambao Dkt. Frank Jobe alimfanyia Tommy John kwa mara ya kwanza 1974, humweka mrushaji nje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Ila angalieni anaumia akiwa wapi. Klabu ina haki na mchezaji kwa miaka 6 ya utumishi Ligi Kuu kabla hajawa huru kujichagulia klabu, na siku 172 huhesabiwa mwaka mzima. Akiumia akiwa kikosi cha Ligi Kuu, siku zinaendelea kuhesabika huku amelala kitandani. Akiumia ligi ndogo, saa imesimama. Angalieni pia kama ameshatumia misimu yake 3 ambayo klabu inaruhusiwa kumrudisha ligi ndogo, kwani aliyeimaliza hupungua thamani hata kama mkono wake ni uleule.

Kwetu Muheza wanunuzi wa machungwa huja shambani miti ingali na maua. Baba alikuwa akiwauzia. Mnunuzi mzoefu hakuhesabu maua. Alitazama majani, akachokoa udongo shinani, akauliza mvua za mwaka uliopita, na bei aliyotaja ilikuwa imeshakata maua yatakayopukutika. Nami hupima kijana hivyohivyo, kwa mafungu matatu: uwezekano wa kuanzisha michezo, wa kuingia mwishoni, na wa kuumia asifike kabisa. Hilo fungu la tatu halijawahi kuwa tupu kwa mrushaji yeyote niliyemwandikia.

Na bado kuna kijana mzuri atakayekuponyoka. Julai 2016 Miami Marlins walimtoa mrushaji chipukizi Luis Castillo kwenda San Diego katika biashara iliyomleta mrushaji Colin Rea. Rea akaumia kiwiko katika mchezo wake wa kwanza Miami, akarudishwa San Diego, na siku chache tu baada ya kuondoka Castillo naye akarudi Miami. Januari 2017 wakamtoa tena, safari hii Cincinnati, wakamchukua mrushaji Dan Straily. Klabu mbili zilikuwa naye mkononi ndani ya nusu mwaka, na zote zikamwachia. Alipofika Ligi Kuu, kilichompa jina pamoja na kasi yake kilikuwa mpira wa pole.