Jibu: Roboti isiyomgusa mgonjwa inasaidia nini?

Ndugu, umeuliza roboti ambayo haishiki mkono wala mguu wa mgonjwa ina faida gani kwa baba yako aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Faida yake iko kwenye kurudia. Ubongo hujifunza upya kwa mwendo uleule kufanywa mara nyingi mno, na hapo ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, hasa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akishaondoka. Roboti hukaa mbele ya mgonjwa, humwonyesha zoezi, huhesabu, humsifu, na humkumbusha anapoutelekeza mkono dhaifu.

Profesa Maja Matarić wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na wenzake wamelishughulikia jambo hili tangu miaka ya 2000. Kilichonigusa katika kazi yao ni kwamba wagonjwa hawahimiziki kwa namna moja. Mchangamfu hupenda roboti inayomsukuma. Mkimya huelewana zaidi na ile inayosema kwa upole. Basi kabla hamjaikubali roboti, uliza kama sauti na maneno yake yanaweza kubadilishwa yamfae mzee.

Usidanganyike na wiki ya kwanza, lakini. Ugeni huvutia, kisha huchosha. Sifa zilezile kila siku hugeuka kelele. Tena roboti haiwezi kulipapasa bega na kujua linauma wapi. Mzee akilalamika maumivu, simamisheni zoezi mumwite mtaalamu. Nawe, ukipata nafasi, keti hapo uhesabu pamoja naye.