Mafuta "imezeeka"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasomea kazi ya maabara hapa Masaka. Kwenye ripoti niliandika: "Chembe nyekundu ya damu ikikaa siku nyingi, mafuta yake imezeeka." Mwenzangu anasema ingefaa "imechakaa". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyepatia. Mnagombania kitenzi, na kosa limekaa mbele yake likiwacheka: hiyo i-. Mafuta ni yame-, basi.

Najua mlikoitoa. Simama kituo chochote cha petroli barabara ya Kampala: "Mafuta iko." Bei je? "Mafuta imepanda." Yakimwagika, "imemwagika". Ya kupikia nayo sokoni "iko kidogo". Kiswahili chetu wengi tulikisikia kwanza kwa askari, na amri haihitaji ngeli, hilo nasamehe. Linalonishinda ni kwamba Mganda huyohuyo nyumbani kwake husema amafuta gaweddewo, yaani mafuta yamekwisha, ga- imenyooka, na ukithubutu kumwambia guweddewo atakucheka mpaka machozi. Neno ni lilelile, la Kibantu, halikuvuka bahari kama "damu" ya Waarabu. Kwa nini akiingia kwenye Kiswahili anavua ngeli mlangoni pamoja na viatu? Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Urasmi gani huo wa "mafuta iko"?

Haya, kitenzi. Kinachozeeka ni chembe. Huishi siku 120 hivi, haina kiini, wala haiwezi kujiundia mafuta mapya, kwa hiyo iliyozaliwa nayo ndiyo mtaji wake. Utando wake humeguka vipovu vidogovidogo na chembe ikazidi kusinyaa. Mafuta ya utando huo huharibiwa na oksijeni, mzigo uleule ambao chembe inaubeba maisha yake yote, na mafuta yaliyoharibiwa hivyo, hata ya chupa iliyoachwa wazi jikoni, sisi husema yamechacha. Mengine, yaitwayo fosfatidilserini, hukaa upande wa ndani wa utando. Chembe ikichoka hutokeza nje, na seli za wengu zikiyatambua huimeza chembe nzima. Hayo hayakuzeeka wala hayakuchacha. Yamehama.

Andika: "Chembe ikizeeka, mafuta ya utando wake huchacha." Kuchakaa ni kwa nguo na viti, ila utando nitamwachia mwenzako auchakaze apendavyo, mradi aandike "umechakaa".