Rondo, mlima unaoanza kwa kushuka

"Nani anakukimbiza?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja mwenye jembe begani, chini ya uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, upande unaotazama bonde la Mto Lukuledi. Mimi nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Nani anakukimbiza?" Nikamwambia hakuna mtu, nafanya mazoezi. Hakunijibu. Alitazama kule nilikotoka, akatazama kwa muda mrefu, ndipo akashusha jembe.

Tangu siku ile nimerudi kukimbia Rondo mara mbili, na kila nikisimulia kuna mtu anasema na yeye anataka kwenda. Nenda. Ila usiende kama nilivyoenda mimi mara ya kwanza.

Huku kusini hatuna kilele cha kupigia picha na bendera. Milima yetu ni nyanda za juu, Makonde kule, Rondo huku, Lukuledi inapita katikati. Juu ni tambarare, ukifika ukingoni ardhi inakatika. Rondo inakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai unatoka nje unakuta ukungu na baridi ambayo mtu wa Lindi mjini hana sweta lake. Sasa, mgeni hulala kijijini juu, akiamka anaanza kukimbia kutoka pale pale. Maana yake anaanza kwa kushuka. Mtu wa Moshi au Morogoro anaanza kupanda akiwa na miguu mipya, akichoka anageuka anateremka nyumbani. Wewe wa Rondo ukichoka uko shimoni, jua la saa sita limekusimamia kichwani, chupa tupu, na mlima wote bado unakusubiri.

Mimi niliteremka kama mbuzi aliyekata kamba. Nilikuwa na rafiki yangu, na wanaume wawili kwenye mteremko mnajua wenyewe. Kilichonipata ni hiki: unapoteremka kwa kasi, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Inakaza huku inavutwa, na kukaza kwa namna hiyo huipa nyuzi zake majeraha madogo madogo. Saa ile huhisi kitu, unajiona shujaa. Tulipogeuka kuanza kupanda, mapaja yalikuwa yanatetemeka kama jeli, na siku mbili zilizofuata ngazi za nyumbani niliteremka kinyumenyume. Kwa hiyo teremka kwa hatua fupi za haraka, usijivute nyuma ukatua kwa kisigino, macho yatangulie hatua tatu nne mbele. Kubwa zaidi, fanya mazoezi ya kuteremka kabla ya siku yenyewe. Ukiwa Lindi mjini, panda na kushuka kilima cha Mtanda mpaka ukichoke. Mtwara mjini ni tambarare na ufukwe wa Shangani hautakufundisha mlima, afadhali upande gari la Newala, kule ukingo wa uwanda unakoangalia bonde la Ruvuma.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Mzunguko wetu ulikuwa kama kilomita 22, na kupanda kwake kama mita 600. Nikasema saa tatu tumemaliza, kwani barabarani kilomita 21 naenda kwa saa mbili na kidogo. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwetu ingetoa saa tano na nusu hivi. Ni kanuni ya watembeaji, nikaidharau. Tulitumia saa sita na robo. Tangu hapo napanga kwa Naismith, nikiwahi namshukuru Mungu. Ukumbuke pia kwamba Juni na Julai huku jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache jioni, na chini ya miti mikubwa giza linatangulia.

Na giza ndilo linanirudisha kwa yule mzee. Alichokuwa anakitafuta nyuma yangu ni simba. Kijana wa mjini atacheka, lakini kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 Tanzania, na wilaya za Lindi zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Wengi walikamatwa mashambani, wamelala kwenye madungu wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Sisemi utakutana na simba Rondo, mimi sijamwona hata nyayo. Nasema mtu anayekimbia porini bila kusema kitu anatisha watu. Ukikaribia mtu punguza mwendo, amkia, mwambie ni mazoezi. Na usiingie msituni kabla hakujapambazuka sawasawa, hata kama taa yako ya kichwani ni ya bei mbaya.

Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unapita ofisini kwao kwanza, unalipa, unapata kibali na mtu wa kukuongoza. Usikwepe hilo. Yule kijana aliyetuongoza mara ya pili ndiye aliyenionyesha vijia vya wakata mbao wa zamani ambavyo vinaanza vizuri halafu vinafia vichakani. Mvule za Rondo zilivunwa sana enzi za mkoloni, na baadhi ya sehemu zimepandwa misonobari, ambako chini pako wazi na sindano zake zinateleza kama sabuni. Ndiye pia aliyenisimulia habari za komba wa Rondo, mnyama wa usiku wa gramu 60 hivi, ambaye dunia nzima anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Usiku kuna sauti nilisikia. Kijana akasema ndiye, mimi nikakubali.

Viatu. Raba nilizovaa zilikuwa za mtumba, jina kubwa, meno yote ya soli yapo, elfu ishirini na tano. Sikujua kwamba kiatu kikikaa miaka stoo gundi inakauka hata kama hakijavaliwa. Tulipoanza tu kupanda soli ya kulia ikafunguka mdomo kuanzia vidoleni, kila hatua inapiga pa! pa! Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Alichomoa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliokuwa umefunga mpini wa jembe lake, akapiga magoti, akauzungusha mara nne juu ya kiatu na chini ya soli, akivuta kwa meno, akafunga fundo moja dogo pembeni ili nisilikanyage. Nilipanda nalo mpaka juu halikulegea. Kabla ya kununua mtumba, kunja kiatu kwa nguvu na ubonyeze ukingo wa soli kwa kidole gumba. Ukisikia kama karatasi inachanika, mrudishie mwenyewe.

Maji, beba lita mbili na nusu, si moja na nusu kama mimi, na usinywe maji matupu tu saa zote hizo: jasho linatoka na chumvi. Pakiti mbili za ORS kutoka duka la dawa zinatosha. Mimi hubeba pia ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, ya kuchemsha yenye chumvi, na sijaona chakula cha dukani kinachoishinda.

Wageni wengi hawaambiwi kuhusu mikorosho. Huwezi kuzunguka bila kupita mashambani, na msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, wakulima wanapuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande uko kwenye majani, yaani saa ile ile yako wewe. Ukisikia mashine inaunguruma mbele, simama au zunguka mbali. Macho yatawaka siku nzima. Oktoba tatizo ni mabibo yaliyoanguka, nayo yanateleza. Na upupu uliokauka usiuguse hata kwa fimbo. Ukikupata usikimbilie kujikuna, jipake majivu au tope, ukauke ndipo ujipangusie.

Siku hizi naanzia chini. Nalala mjini Mtama, kule bondeni, bodaboda inaniacha mguuni mwa mlima kumekucha, napanda wakati wa ubaridi kwa kutembea, mikono mapajani, bila aibu. Saa nne niko juu kwenye kivuli, nakula ming'oko. Kuteremka kunakuja mwisho, na hata miguu ikigoma barabara iko karibu, boda zinapita.