Mchango wa paa, risiti na ubatizo wa mtoto

Swali

Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padre. Parokia yetu inajenga kanisa na sasa tumefika kwenye paa. Kamati imeipangia kila familia kiasi cha kutoa, na majina ya wasiomaliza husomwa mwisho wa Misa. Mimi namuuguza mama na kuwasomesha wadogo zangu wawili. Hadi leo nimetoa theluthi moja tu. Katekista ameniambia mtoto wangu hatabatizwa mpaka nilete risiti ya mchango uliokamilika. Je, kutomaliza ni dhambi? Ninayotumia kwa mama naweza kuihesabu kuwa zaka? Halafu jumuiya yetu inataka kuchangisha kwa simu, kwa ndugu na marafiki walio mbali. Wengine wanasema tuanze tu, wengine wanasema lazima kuwe na ruhusa. Na tumesikia sehemu ya pesa za paa imenunua spika za kanisani. Inaruhusiwa?

Jibu

Milele na milele, amina. Nianze na mtoto, maana mengine yanaweza kungoja.

Hakuna sheria ya Kanisa inayomnyima mtoto ubatizo kwa sababu ya mchango ambao haujakamilika. Katika kitabu cha sheria za Kanisa, kanuni ya 868 inataja yanayotakiwa ili mtoto abatizwe kihalali: wazazi waridhie, au angalau mmoja wao, au anayeshika nafasi yao, na kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi huelezwa sababu. Basi. Paa halimo. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya matoleo yaliyopangwa na mamlaka husika, na hata hayo yasiwe sababu ya maskini kukosa sakramenti. Kuhusu maziko, kanuni ya 1181 inakataza upendeleo, na inataka maskini wasinyimwe maziko wanayostahili.

Katika Matendo ya Mitume 8:18-20, Simoni aliwaletea mitume fedha ili naye apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na Petro alimjibu kwa ukali. Jina lake ndilo lililozaa neno simonia, yaani dhambi ya kununua au kuuza mambo matakatifu. Simpachiki katekista wako dhambi hiyo. Nadhani najua anachopigana nacho: wazazi wasioonekana jumuiyani miaka na miaka, kisha wanatokea na nguo nyeupe wiki moja kabla ya Pasaka. Lakini ugonjwa huo hutibiwa kwa mafundisho ya wazazi na wasimamizi. Risiti haimwonyeshi mtu anayesali na watoto wake. Inamwonyesha mtu aliyekuwa na pesa.

Nenda kwa paroko mwenyewe, siku ya kazi, ofisini, wala si mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Mweleze umehudhuria mafundisho lini, msimamizi ni nani, na uliambiwa nini kuhusu risiti. Mara nyingi paroko hana habari kwamba jambo hilo linasemwa kwa niaba yake. Usiposikilizwa, mwone dekano, padre anayesimamia parokia kadhaa za jirani, kisha mwandikie Askofu barua ya ukurasa mmoja: nani alisema, tarehe gani, kiasi gani kilitajwa. Kanuni ya 212 inawapa waamini haki ya kuwaeleza wachungaji mahitaji yao, hasa ya kiroho. Hiyo si fitina.

Sasa dhambi. Usimsikilize anayekwambia kwamba kutoa ni hiari tupu. Kanuni ya 222 inawawajibisha waamini kulisaidia Kanisa lipate yanayohitajika kwa ibada, kwa kazi za utume na za mapendo, na kwa riziki ya wahudumu wake. Kifungu cha pili cha kanuni hiyohiyo kinawawajibisha pia kuendeleza haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mali yao wenyewe. Wajibu ni mmoja na una pande mbili, ingawa kwenye matangazo upande wa pili husikika kwa nadra. Katekisimu, namba 2043, inautaja miongoni mwa amri za Kanisa na kuuwekea kipimo: kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye nacho akikataa kutoa, anakosea. Aliyetoa theluthi kwa sababu theluthi ndiyo iliyopatikana ametimiza wajibu wake wote, hata kama daftari la kamati linaonyesha pengo.

Na kile kiasi kilichopangwa ni kitu gani kisheria? Ni ombi. Kanuni ya 1262 inasema waamini walisaidie Kanisa kwa kuitikia maombi ya msaada, kwa utaratibu uliowekwa na Baraza la Maaskofu. Kutoza kodi ni jambo jingine, nalo limo kwenye kanuni ya 1263: Askofu wa jimbo, baada ya kusikiliza baraza la uchumi na baraza la mapadre, anaweza kuvitoza vyombo vya Kanisa vilivyo chini yake, kama parokia. Kwa watu binafsi anaweza kuweka tozo ya dharura tu, ya wastani, pakiwa na hitaji zito. Paroko hana mamlaka hayo, na kamati ya ujenzi ndiyo kabisa. Kamati inaweza kukadiria: paa litagharimu kiasi hiki, familia ni kadhaa, kila moja ikitoa hiki tutamaliza. Ni hesabu nzuri ya kupangia kazi. Inaharibika pale makadirio yanapoanza kuitwa deni.

Kuyasoma majina kanisani sikubaliani nako hata kidogo. Yesu alikataza sadaka kupigiwa tarumbeta (Mt 6:2), na huku ni kumpigia tarumbeta asiyetoa. Zaidi ya hapo, kanuni ya 220 inalinda sifa njema ya kila mtu, na anayesikia jina lako hajui kwamba mama yuko kitandani. Kamati ikitaka kuwakumbusha watu, mweka hazina ampe kila familia bahasha iliyofungwa yenye hesabu yake.

Lakini je, uliahidi? Wengine husimama siku ya uchangishaji, wakataja kiasi mbele ya watu, kisha wakakosa usingizi wakidhani wameweka nadhiri. Nadhiri, kwa kanuni ya 1191, ni ahadi anayopewa Mungu kwa makusudi na kwa uhuru. Ahadi kwa kamati haifikii hapo, ingawa uaminifu unataka itimizwe ukiweza. Hata nadhiri yenyewe, ikitolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, haina nguvu. Na iliyo halali, paroko anaweza kuwafungulia waamini wake kwa sababu ya haki (kanuni ya 1196). Kama hali yako imebadilika, mwandikie mweka hazina mistari mitatu: nimetoa hiki, nitaweza kuongeza hiki kila mwezi kwa miezi kadhaa, kilichobaki sitakiweza. Kamati yenye akili hushukuru kupata karatasi kama hiyo, kwa kuwa sasa inajua isichokuwa nacho.

Kuhusu mama yako: hapana, matunzo yake usiyaite zaka. Hayo yanatangulia zaka. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea waliomwambia mzazi kwamba mali ambayo ingemfaa ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, wakajiona wamemaliza. Paulo anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Tim 5:8). Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu asitoe sadaka kile ambacho bila hicho yeye na wanaomtegemea hawawezi kuishi. Kwa hiyo ondoa kwanza dawa, chakula, kodi ya nyumba na ada za wadogo zako. Kinachobaki ndicho utakachokipimia sadaka.

Ni asilimia ngapi? Sheria ya sasa ya Kanisa haina fungu la kumi kama sharti kwa Wakatoliki wote. Zaka imo katika Torati, na wanaopenda kuhubiri Malaki 3:10 wangefanya vema kusoma pia Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambako zaka ya kila mwaka wa tatu inaachwa mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Jimbo likiomba asilimia 10, ni kipimo kizuri cha kulenga. Ukifika asilimia 3 ya kile kilichobaki, hujavunja amri. Ushauri wa kiutendaji aliutoa Paulo katika 1 Wakorintho 16:2: kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke kando kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukimbizwa siku mtume anapofika. Tenga siku unapopata pesa, kabla ya kutumia. Wanaongoja kuona kitakachosalia mwisho wa mwezi huona hakuna.

Spika, sasa. Hapa sheria ina maneno machache na makali: kanuni ya 1267, kifungu cha tatu, inasema sadaka zilizotolewa na waamini kwa lengo maalumu zitumike kwa lengo hilo tu. Pesa ikishapokelewa kwa jina la paa, ni ya paa. Paroko haihamishi, kamati haihamishi, hata kwa kupiga kura. Neno linaloleta balaa ni "tumeazima kidogo". Kuazima huko hakuna tarehe ya kurudisha wala sahihi, na bei ya mabati inapopanda mfuko una tundu. Kama spika zilihitajika, zingetangaziwa mchango wake. Kama zimeshanunuliwa, kamati iseme hadharani ni kiasi gani na kitarudishwa lini kutoka sadaka za kawaida.

Mna haki ya kuuliza. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa, na kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi. Kabla hamjatuhumu mtu, ulizeni mambo manne: je, mfuko wa paa una akaunti yake benki, yenye watia sahihi wasiopungua wawili? Je, vitabu vya risiti vina namba zinazofuatana na nakala zinabaki? Je, sadaka huhesabiwa na watu wangapi? Je, taarifa hubandikwa lini?

La kuhesabu ndilo huvuja zaidi, kwa hiyo niliseme kwa urefu. Kapu lisibaki na mtu mmoja hata dakika tano za kupanda ngazi ya sakristia. Wahesabu watu watatu wasio wa familia moja, wabadilishane kila mwezi. Noti zipangwe kwa thamani, idadi ya kila aina iandikwe kwenye fomu kabla ya jumla, kisha wote watatu watie sahihi kwa wino. Fedha ziingie kwenye mfuko uliofungwa na kupelekwa benki siku ya kwanza ya kazi, zikiwa nzima. Kosa la kawaida ni kumlipa fundi papo hapo kutoka kapuni: stakabadhi ya benki haitalingana tena na fomu, na baada ya miezi 6 hata mtu mwaminifu hawezi kujitetea. Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango wa Yerusalemu, hakutaka kuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe mtu (2 Kor 8:18-21). Na Paulo alikuwa mtume.

Mwisho, kuchangisha kwa simu. Wanaosema lazima kuwe na ruhusa wako sahihi. Kanuni ya 1265 inawakataza watu binafsi kuomba sadaka kwa ajili ya taasisi au lengo lolote la Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya ordinari wao na ya ordinari wa mahali. Paroko si ordinari. Askofu ndiye, pamoja na makamu wake mkuu. Njia iliyo nyepesi zaidi ni mchango uwe wa parokia yenyewe, nyinyi mkiwa wasaidizi: paroko apeleke ombi jimboni, likiwa na lengo, jumla inayotakiwa, muda na akaunti.

Akaunti iwe kwa jina la parokia. Namba ya simu ya mwenyekiti, hata awe mtakatifu, haifai: akifariki ghafla, pesa za paa zinaingia kwenye mirathi na mtawaeleza nini warithi? Ujumbe useme paa linahitaji kiasi gani, kimepatikana kiasi gani, mwisho ni lini, na kikizidi au kikipungua kitafanyiwa nini. Sentensi hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo inayozuia ugomvi wa spika. Waambieni watu wahakikishe namba kwa kupiga ofisi ya parokia, kwa kuwa matapeli hunakili tangazo na kubadili tarakimu chache.

Wala msimwite fundi kwa kutegemea orodha ya ahadi. Mbao, kenchi, mabati na misumari vihesabiwe kuwa hatua moja, na kazi ianze pesa ya hatua hiyo nzima ikiwa benki. Kenchi zikipandishwa mabati yakakosekana, mvua moja inazipinda, na mtachanga mara mbili.

Kama marafiki wenu hawana kingi, igeni mbinu ya Mwenye heri Pauline Jaricot, mwanamke mlei wa Lyon, Ufaransa, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 2022. Kwa ajili ya misioni aliwapanga watu kumikumi, kila mmoja akitoa sarafu moja ndogo kwa wiki na kiongozi wa kumi akiikusanya. Kutokana na kazi hiyo likaanzishwa mwaka 1822 Shirika la Kueneza Imani. Kila mmoja wenu awatafute kumi wake, awaandikie kwa majina badala ya kutupa ujumbe kwenye kundi la watu mia tatu, na aambatishe nakala ya barua ya Askofu kwenye ujumbe wa kwanza kabisa.