Mimi nilitoka nje, baba yake akabaki na chupa

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mtoto aliyezoea titi peke yake atazoeshwaje chupa kabla hajaanza kupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto? Nina watoto wawili. Wa kwanza nilimharakisha, tukalia sote wawili. Wa pili alikwenda vizuri kiasi, ingawa naye alinitoa jasho.

Kosa langu kwa yule wa kwanza lilikuwa kumpa chupa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimpakata kama ninavyompakata siku zote, blauzi ikinukia maziwa, kisha nikamtia mpira mdomoni. Akageuza uso, akaanza kulitafuta titi kwa pua. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Chakula unachokijua kiko hapo karibu na shavu lako, halafu unaletewa kitu kigumu kisicho na harufu ya mtu. Nikaona dawa ni kumwacha mpaka njaa ikolee. Ikakolea kweli, na ikaja na hasira. Mtoto mwenye njaa kali hana nafasi ya kujifunza kitu kipya, kama sisi wakubwa tusivyoweza kusoma maelekezo ya mashine huku tumbo linanguruma. Siku ya tatu alikuwa anaanza kulia akiiona tu chupa ikiletwa.

Kuna jambo la umri ambalo laiti ningeambiwa mapema. Mtoto mchanga hunyonya bila kuamua. Kitu kikigusa kaakaa lake, ananyonya. Kufikia miezi mitatu au minne hali hiyo hufifia, na kunyonya kunakuwa jambo la hiari: anataka au hataki. Sasa tazama kalenda. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Yaani mama anayepata kiwango hicho tu anarudi kazini wiki zilezile ambazo mwanawe ameanza kuchagua! Ndiyo maana utasikia, “Mbona akiwa na wiki sita aliipokea, leo hataki hata kuiona?” Aliipokea mara moja, watu wakafurahi, chupa ikawekwa kabatini hadi mwisho wa likizo. Kwa hiyo mwenye mtoto mdogo, kunyonyesha kukishakaa sawa, tuseme baada ya mwezi wa kwanza, ampe chupa ndogo mara chache kila wiki na asiache.

Kwa wa pili tulikuwa na wiki tatu. Kazi ya chupa alikabidhiwa baba yake, na mimi nilitoka nje kabisa. Si chumba cha pili, nje. Mtoto anajua kama upo. Walijaribu saa moja hivi baada ya kunyonya, akiwa mchangamfu na bado hajasikia njaa ya kumtia kiwewe. Maziwa yalikuwa kidogo, mililita 20 au 30, ili yakimwagwa nisiumie sana (aliyekamua anajua thamani ya kila tone). Baba yake alimkalisha wima, mgongo wa mtoto kifuani kwake, wakitazama dirishani, yaani mkao usiofanana kabisa na wa kunyonyeshwa. Chuchu ya chupa aliichovya kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, akamgusisha mdomo wa juu, akangoja. Hakusukuma. Mtoto akifungua kinywa mwenyewe, inaingia. Akilia, inaondolewa, wanacheza. Dakika kumi zikiisha, basi hadi kesho.

Siku tatu za mwanzo alitafuna tu ule mpira kama anaota meno. Ya nne alivuta mara mbili, akashangaa kilichotoka, akacheka, maziwa yote yakaishia kwenye shati la baba. Ya tisa alimaliza mililita 60, nami nilikuwa nje nimejibanza ukutani nasikiliza ule mlio wa kumeza.

Namna ya kuishika chupa ina uzito kuliko chapa yake. Nilinunua chupa za maumbo sita kwa yule wa kwanza. Naweza kufungua duka. Chukua chuchu inayotoa maziwa polepole, kisha ilaze chupa, karibu sambamba na sakafu, isisimame juu ya uso wa mtoto. Akivuta mara kadhaa, iteremshe kidogo apumue, ndipo aendelee. Kwenye titi mtoto hufanya kazi na kupumzika, maziwa yanakuja kwa mawimbi. Chupa iliyosimamishwa inamiminika, naye analazimika kumeza ili asipaliwe. Wakubwa wanaotazama wanasema, “Alikuwa na njaa huyu!” wanamwongezea, na jioni mama anaambiwa maziwa yake hayatoshi. Mama wangapi wameachishwa kunyonyesha kwa hesabu hiyo mbovu?

Hesabu yenyewe si ngumu. Kati ya mwezi mmoja na sita, mtoto anayekula maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, wengine chini, wengine juu ya hapo. Mimi nilipanga mililita 30 hadi 45 kwa kila saa nisiyokuwepo. Saa nane ni kati ya 240 na 360. Nilizigawa katika chupa ndogondogo, maana maziwa yaliyobaki kwenye chupa ambayo mtoto ameshaanza kuinywea yatumike ndani ya saa mbili au yamwagwe.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni harufu. Kwa wa kwanza nilijaza friza kwa wiki kadhaa, nikajiona hodari. Akayasusa yote. Siku moja nikaonja: sabuni! Hayakuwa yameharibika. Ndani ya maziwa ya mama mna kimeng'enya kiitwacho lipasi kinachovunja mafuta, na kwa baadhi yetu ladha hugeuka upesi yakihifadhiwa. Wapo watoto wasiojali, wangu alijali. Dawa yake ni kuyapasha maziwa yaliyotoka kukamuliwa mpaka vipovu vidogo vionekane pembeni, bila kuyachemsha, kuyapoza haraka, ndipo yagandishwe. Yaliyokwisha kugeuka hayarudi. Kwa hiyo gandisha mfuko mmoja, uonje baada ya wiki, kabla hujajaza friza nzima kama mimi.

Mengine ya kuhifadhi nayapitia haraka: saa nne nje ya friji ikiwa hakuna joto kali, siku nne ndani ya friji, yaliyoyeyushwa yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yapashe kwenye bakuli la maji ya moto, kamwe si kwenye mikrowevu, kwani hupata joto lisilo sawa na kuunguza kinywa.

Na akisusa chupa moja kwa moja? Kipo kikombe kidogo. Hata mtoto mchanga anaweza kulishwa kwa kikombe, akiwa amekaa wima, ukingo ukigusa mdomo, anaramba mwenyewe bila kumiminiwa. Mlezi wa kituo anahitaji tu kuonyeshwa na kuwa na subira. Kwa wa pili nilikwenda kituoni mara mbili kabla ya siku yenyewe, nikamwomba mlezi ampe chupa mbele yangu, kisha nikatoka.

Siku ya kwanza alikunywa mililita 50 kutwa nzima. Usiku alinyonya mpaka alfajiri, kana kwamba ananidai. Watoto wengi hulipiza hivyo, na mradi nepi zinalowa sita au zaidi kwa siku, mtoto anatosheka. Zikipungua, mkojo ukiwa wa rangi nzito, au akilegea, mpeleke kwa daktari, usisubiri azoee.

Siku ya nne mlezi alinirudishia chupa mbili tupu na moja nusu. Nikakaa kwenye ngazi za kituo nikamnyonyesha hapohapo, maana blauzi yangu ilikuwa imeshalowa tangu nilipomsikia akicheka mlangoni.

Mama wa wawili