Kwa Mwanangu, Kuhusu Ukali wa Baba Yako

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea, nikaisoma mchana, kisha nikaisoma tena jioni nilipokuwa nimetulia. Unasema umepewa jukumu la kuandika wasifu wa Baba utakaosomwa kwenye ibada ya kumbukumbu, na kwamba ulipowauliza wenzake wa zamani wa maabara, kila mmoja alilitaja neno lile lile: alikuwa mkali. Unataka kujua kama ni kweli, kwa kuwa baba unayemkumbuka wewe ni yule aliyekaa nawe mezani hapa Buruburu akikufundisha desimali bila kupandisha sauti, na ambaye alipoyapima maziwa kwa kile kipimo chake cha kioo na kuyakuta yametiwa maji, hakumfokea mwuzaji mbele ya majirani, bali alimwita kando na kumwonyesha alama mpaka akaelewa mwenyewe.

Kwa habari za kazi huhitaji sana msaada wangu. Alisomea kemia Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaingia maabara ya serikali akiwa kijana, akabaki humo hadi alipostaafu mwaka wa 2006 akiwa na miaka 55, kwa maana wakati huo umri wa kustaafu ulikuwa bado haujapandishwa kuwa 60. Andika hivyo, inatosha. Vyeo viache, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kuvitaja.

Habari ya chupa, hata hivyo, usiiache, kwa sababu wajukuu hawaijui. Katika nyumba hii mafuta ya taa hayakuwahi kutiwa ndani ya chupa ya soda, wala Jik haikuwekwa rafu moja na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Kila chombo kilibandikwa karatasi yenye mwandiko wake, herufi kubwa, jina la kilichomo na tarehe kilipofunguliwa. Majirani waliona anajionyesha, mpaka siku mtoto wa nyumba ya pili alipokunywa mafuta ya taa akidhani ni soda. Watu walikuwa wamekwisha kuleta maziwa na vidole ili wamtapishe, na ni Baba aliyewazuia, akieleza huku akimbeba mtoto kwamba mafuta yakipanda tena kooni huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mtoto yule leo ni baba wa familia. Siku hiyo Baba alipaza sauti kweli, na kama huo ndio ukali wanaousema wenzake, basi uandike kwa wino mweusi.

Lakini mimi nikisikia neno hilo siyafikirii mambo ya chupa. Nakifikiria kisima cha mjomba wako.

Mlikua mkijua kwamba Mjomba na Baba hawatembeleani, mkazoea, na chanzo chake hatukuwahi kuwaeleza vizuri. Ilikuwa mwaka wa 2000, ukame ule uliotuletea mgao wa umeme pamoja na mgao wa maji, mlipokuwa mkienda shuleni na maji ya kunywa kutoka nyumbani. Mjomba alikuwa ametoka kazi ya reli. Alichukua kiinua mgongo chake chote, akaongeza mkopo wa benki, akachimba kisima kirefu cha mashine katika kiwanja chake cha Rongai, akanunua na lori la maji la mkono wa pili. Maji yakatoka kwa wingi, maangavu, baridi, bila harufu yoyote. Shule mbili za chekechea zilikuwa tayari kununua kwake kila wiki, ila zilitaka kwanza karatasi ya maabara. Akamletea shemeji yake sampuli. Baba akamrudisha alete nyingine, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndani ya chupa ya kioo, na maji yanayopimwa floridi, yale madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba, yanapaswa kuja kwa chupa safi ya plastiki. Hakuna aliyenuna kwa hilo. Walicheka, wakanywa chai hapa sebuleni, na mjomba wako akaondoka akiimba.

Majibu yalikuwa miligramu 4.2 za floridi kwa kila lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani hakivuki 1.5. Si ajabu kwa visima virefu vya upande huu wa nchi, kwa kuwa maji yake hukaa muda mrefu ndani ya miamba iliyotokana na volkano na kuyeyusha madini yaliyomo, ilhali maji ya mfereji tunayoletewa kutoka Sasumua na Ndakaini ni ya mito ya Aberdare na yana floridi kidogo sana. Ubaya wa floridi ni kwamba huioni, huinusi, na kuchemsha hakuiondoi. Kunapunguza maji tu na kuiacha ikiwa nzito zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Watu wazima huweza kuyanywa maji hayo miaka mingi na meno yao yakabaki kama yalivyokuwa, kwa sababu yalikwisha kuumbika. Wanaoharibika ni watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya fizi, nayo huja kutoka yakiwa na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Wewe umesoma na watoto wa namna hiyo, umeona walivyokuwa wakicheka huku wameziba midomo kwa mikono.

Hayo yote Baba aliyaandika katika barua. Barua ya kazini, yenye nambari ya kumbukumbu juu na muhuri chini, iliyokwenda kwa posta hadi sanduku la mjomba wako, na mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuambiwa hata neno. Nililijua jambo hilo mjomba wako alipobisha mlango usiku, akaiweka karatasi ile mezani, akainyoosha kwa kiganja mara nyingi kama mtu anayepiga nguo pasi, akanionyesha sahihi. Akaniuliza, «Dada, huyu ni nani aliyeniandikia?» Baba alikuwa amesimama pale pale. Hakuulizwa yeye.

Umenisikia nikisema tangu ukiwa mdogo, nami nitasema tena: neno zito hutangulia kwa mdomo, karatasi ifuate. Kwa mtu wa mbali, sawa, mwandikie. Lakini huyu ni mtu aliyempa mahali pa kulala katika chumba chake cha reli kule Muthurwa kila chuo kilipofungwa, akamlisha mpaka alipopata mshahara wa kwanza, na ni katika chumba hicho hicho baba yako aliponiona mimi nilipokuja kumtembelea kaka yangu. Mtu wa namna hiyo hapelekewi muhuri. Huendewa, hukaliwa chini, huambiwa, hata kama maneno yenyewe ni yale yale.

Nilimwambia Baba hivyo usiku ule. Hakubisha. Jumamosi iliyofuata alinichukua hadi maabara, kwa ruhusa, akanivalisha lile koti lake jeupe ambalo pindo lake nilikuwa nikilishona kila mara kwa sababu ya vitundu vya asidi. Akaweka mirija miwili mbele yangu, mmoja una maji ya mfereji, mwingine maji ya kisima cha kaka yangu, akatia katika kila mmoja kipimo kile kile cha dawa nyekundu. Wa mfereji ukabaki mwekundu wa kuiva. Wa kaka yangu ukapauka machoni pangu, mpaka ukawa wa kuonekana kama maji yaliyosuuzia nguo iliyochuja, kwa kuwa floridi huinyang'anya dawa ile rangi yake. Hakusema kitu. Nami nilikwisha kuelewa, wala sikuwahi kubishia maji, tangu mwanzo. Nilichokuwa nikibishia ni posta.

Nikiwa bado nimeshika ule mrija ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini kwa sababu kijana wa maabara alikuwa upande wa pili: «Kama ningekwenda Rongai, angenikumbusha Muthurwa, nami ningetia sahihi kwamba maji yanafaa.»

Mwanangu, nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi na sijalimaliza. Kuna siku nasema huo ni woga, kwamba mtu mzima aliyesoma alijificha nyuma ya muhuri ili asimtazame shemeji yake usoni. Kisha najibiwa na nafsi yangu kwamba mtu anayeujua udhaifu wake na kuuzuia usiwafikie watoto asiowafahamu, hajajificha. Amesimama mahali pagumu kuliko pote. Halafu nairudia hoja yangu ya kwanza: kwani hakuwa na mke? Angenituma mimi. Mimi ningekwenda, ningepika huko huko, ningesema, na kaka yangu angepiga kelele na kulia, lakini angelia mbele yangu. Neno zito hutangulia kwa mdomo. Hapo sijabadilika.

Jambo moja ulijue ambalo hata wenzake hawalijui. Mwishoni mwa barua ile, chini ya takwimu, Baba aliongeza aya ambayo haikulazimika kuwamo. Alieleza kwamba maji hayo yanafaa kwa ujenzi na kufua, na kwamba yakitakiwa kunywewa, sehemu moja ichanganywe na sehemu mbili za maji ya mvua, nayo yatashuka hadi 1.4, ndani ya kiwango. Hesabu ni sahihi. Lakini ulikuwa mwaka wa ukame, mvua haikuwapo, na mjomba wako aliiona aya ile kama kejeli. Mimi nimeisoma zaidi ya mtu yeyote, na naona ndani yake mtu anayehangaika kumtafutia shemeji yake mlango.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Shule zilikataa. Maji yakauzwa kwa wajenzi kwa bei ndogo, benki ikadai, lori likauzwa kwa hasara. Baba alichukua mkopo wa SACCO, akanipa fedha katika bahasha nimpelekee kaka yangu. Bahasha ikarudi bila kufunguliwa. Mjomba hakuja kwenye kipaimara chako, wala siku wazee walipokaa kuzungumza mahari yako, ingawa kiti chake kiliachwa wazi na wote waliona kwamba kiko wazi.

Sasa nikueleze la siku ya mazishi, kwa sababu ulikuwa na wageni na hukuliona. Unakumbuka kwamba kule Machakos tuliogopa maji hayatatosha, watu wakiwa wengi na sufuria zikiwa nyingi. Asubuhi na mapema lori lilipanda ule mlima, na mjomba wako akashuka kwa shida, kwa sababu ya goti lake. Alikuwa ameyanunua maji Nairobi na kuyalipia mwenyewe, lori zima. Alinisalimu, akanishika mkono, akasema neno moja: «Yamepimwa, dada.» Kisha akaenda kukaa nyuma kabisa, mbali na hema la jamaa.

Sikujua nilipokee vipi, na hadi leo sijui. Dakika moja niliona amemchoma marehemu. Dakika ya pili niliona amemheshimu kuliko wote waliosimama kwenye kipaza sauti. Sikumwuliza, kwa sababu jeneza lilikuwa linawasili, na baadaye sikuona pa kuanzia.

Ukinibana niseme ni nani aliyekuwa na haki, juu ya maji hapana la kuuliza, na kama shule zile zingekuwa na watoto wangu mwenyewe ningeipeleka barua ile kwa miguu. Juu ya namna ilivyopelekwa ninayo hukumu yangu, imeiva siku nyingi, na ulimi unaniwasha kuitoa. Lakini mmoja wao hawezi tena kujibu, na mwingine hajaulizwa. Kwa hiyo naishika.

Katika wasifu, neno «mkali» usilifute, maana wenzake wamelisema kwa heshima, lakini liwekee mtoto wa mafuta ya taa kando yake ili msikilizaji ajue lilitoka wapi. Habari ya kisima usiiandike mpaka umsikie mjomba wako. Usimtumie kadi ya mwaliko, wala usimpigie simu kwanza. Nenda Rongai Jumamosi, ukiwa na yule mdogo wako wa mwisho ambaye hajawahi kumwona, ukae, ule watakachokupa, kisha umwambie kwa kinywa chako kwamba tunataka asimame aseme juu ya Baba, lolote atakaloona ni kweli. Akikataa, usimsihi sana, ila mwambie kwamba ni mimi niliyekutuma, na kwamba kiti chake kitakuwa mbele, karibu na changu.

Wasalimie wote nyumbani. Dawa za presha ninazimeza kama ulivyoagiza.

Mama yako