Anti, kufundisha watu kuhimili stresi ni kazi kweli?

SWALI: Shikamoo Anti. Nimemaliza digrii ya saikolojia hapa Dar, nataka kuzunguka maofisini na kwenye vikundi vya mtaani nifundishe watu kuhimili stresi na kuinuka wakishaanguka. Mjomba anasema hiyo sio kazi ni porojo. Italipa au niombe tu ualimu? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba hajakosea sana, maana mjini hapa wamejaa watu wa suti wanaolipwa kuja kusema "usikate tamaa", watu wanapiga makofi wanakula sambusa, Jumatatu kila mtu yuko vilevile.

Wewe shika kitu kilichopimwa. WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo 2016 unaitwa Problem Management Plus, upo bure mtandaoni, ni vikao vitano: kupumua taratibu ukibanwa, kuchambua tatizo mojamoja, kurudia shughuli ulizoziacha, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, walioendesha ni wahudumu wa afya ya jamii wala sio madaktari, na ukasaidia. Zimbabwe nako Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14, mtu anakaa na bibi kwenye benchi nje ya kliniki wanalipangua tatizo pamoja. Sasa utauliza, kama bibi anaweza, mimi na digrii yangu nafanya nini? Unawafundisha hao bibi, unawasimamia, unajua nani wa kupelekwa hospitali. Mimi naona hela iko hapo, sio kwenye hotuba.

Maofisini kuna mtego. Bosi akikuita "njoo uwatie moyo vijana wangu", muulize kwanza zamu ni za masaa mangapi na mshahara unatoka lini, maana mtu hapewi hata dakika ya kwenda chooni halafu wewe unamfundisha kupumua? Watakuona umetumwa. Mwongozo wa WHO wa 2022 wa afya ya akili kazini unataka na kazi yenyewe irekebishwe na mameneja nao wafundishwe, kwahiyo kwenye bei yako weka kikao cha mameneja, na urudi baada ya miezi mitatu kuona kama kuna kilichobadilika. Akikataa hicho kikao, mi ningeondoka.

Vikoba havitakulipa, ila ndiko utakakoiva. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii kwanza, usiibuke tu na mabango. Na mtu akikwambia anafikiria kujiua, somo linaishia hapo hapo, kaa naye, usimwache peke yake, mfikishe hospitali.

Ualimu nao nafasi zikitoka omba tu mwanangu, mshahara utakulipia nauli ya kwenda kwenye vikundi Jumamosi mpaka ofisi ya kwanza ikuite.